Mtu, Binadamu na Mja: Majina Yetu na Asili Yake

Haipiti siku bila ya sisi kulitaja neno "mtu". Utingo wa matatu pale Kengeleni hunadi kwamba imebaki nafasi ya mtu mmoja. Mama auzaye nazi katika soko la Kongowea hulalamika kwamba leo hapana watu. Kijana wa Likoni akiulizwa habari za jirani aliyekula mali ya yatima, hujibu kwa mkato: "Yule si mtu." Wote wamsikiao huelewa mara moja, wala hapana amkumbushaye kwamba jirani yule ana kichwa na miguu miwili kama wenziwe. Basi neno hili lina maana zaidi ya ile tuionayo kwa macho, na yafaa tulichungue pamoja na wenzake wawili, "binadamu" na "mja", tujue yalitoka wapi na yatwambia nini juu yetu wenyewe.

Jambo hili lina uzito wake katika bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe. Katika sehemu hizo tatu watu wa makabila mengi wamekutana, na suala la nani ni mtu wa hapa na nani si mtu wa hapa limepata kumwaga damu.

MTU

Neno "mtu" hatukulikopa kokote. Ni urithi wa kale wa lugha za Kibantu, na sehemu zake ni mbili: "m-", ambayo ni alama ya mtu mmoja, na shina "-tu", ambalo zamani lilikuwa "-ntu". Kwa kupita miaka Waswahili waliiacha ile "n", lakini haikuondoka bila ya kuacha alama. Mswahili wa Mvita atamkapo "mtu", ile "t" yake hutoka na pumzi, na wajuzi wa lugha husema kwamba pumzi hiyo ndiyo masazo ya "n" iliyopotea.

Anayetaka ushahidi hana haja ya kwenda mbali. Na apite katika mitaa ya Changamwe, ambako watu waliletwa na kazi ya reli, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, kisha wakaletwa na kazi za bandari na viwanda. Mkamba na Mkikuyu watamwambia "mundu", na wakiwa wengi "andu". Mtaita atasema "mundu" na "wandu". Mluhya atasema "omundu" na "abandu", na Mganda "omuntu" na "abantu". Akivuka kwenda Likoni, Mdigo atamwambia "mutu" na "atu", na ndivyo asemavyo Mgiriama aliyeko Kisauni. Mpokomo wa Mto Tana angali anayo ile "n" ya kale katika "muntu" wake. Na msafiri akishuka mpaka Afrika ya Kusini, atamkuta Mzulu akisema "umuntu" na "abantu", wala hatahitaji mkalimani kwa neno hilo moja.

Ndiyo sababu mtaalamu wa Kijerumani, Wilhelm Bleek, aliyekuwa akifanya kazi Cape Town, alizipa lugha hizi jina la "Bantu" katika kitabu chake cha kulinganisha sarufi, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1862. Maana ya jina hilo ni "watu", wala hapana zaidi. Jambo la kusikitisha ni kwamba serikali ya makaburu wa Afrika Kusini baadaye ililitwaa neno hilo, ikalifanya chapa ya kumtenga Mwafrika. Mwaka 1953 ilitunga sheria iliyoitwa ya "Elimu ya Bantu", ili mtoto mweusi apewe elimu ya chini ya mwenziwe mweupe. Hivyo neno lenye maana ya watu likatumika kuwanyima watu haki za watu.

Isidhaniwe, lakini, kwamba asiye Mbantu amepungukiwa. Mjaluo wa Changamwe humwita mtu mmoja "ng'ato", na watu wengi "ji", na akitaka kutaja binadamu kwa jumla husema "dhano". Muorma wa kaskazini husema "nama". Sauti ni nyingine, maana ni ile ile.

KITU NA UTU

Shina "-tu" lina jamaa zake. Ukiiondoa "m-" ukaweka "ki-", wapata "kitu". Ukiweka "u-", wapata "utu". Ukiweka "ji-", wapata "jitu", lile la hadithi za watoto. Katika Kinyarwanda wamo jamaa wengine zaidi: "umuntu" ni mtu, "ikintu" ni kitu, "ahantu" ni mahali, na "ukuntu" ni namna. Padre Alexis Kagame wa Rwanda alitunga kitabu mwaka 1956, akaeleza kwamba maneno manne hayo yamevikusanya vyote vilivyopo duniani: wenye akili, visivyo na akili, mahali na wakati, na namna ya kuwa.

Basi mtu na kitu ni wa shina moja, na kinachowatenga ni silabi moja tu. Wazee waliotujengea lugha waliilinda sana silabi hiyo. Tazama maneno "kipofu", "kiziwi" na "kiwete". Siku hizi wengi hawayapendi, na kwa haki, nao husema "asiyeona" au "mwenye ulemavu". Lakini tuyatazame kwa jicho la sarufi. Umbo lake ni la "ki-", kama kiti na kikombe. Hata hivyo hapana Mswahili asemaye "kipofu hiki kimekuja". Husema "kipofu huyu amekuja", na "vipofu hawa wamekuja". Jina liliweza kumshusha mtu, lakini kila neno lililofuata nyuma yake lilimrudisha katika daraja ya watu.

Ama "utu", hilo ni neno la kupimia. Mtu huzaliwa mtu, lakini utu wake huonekana kwa matendo, na kipimo chake ni namna anavyoishi na wenziwe. Hii ndiyo maana ya methali yetu fupi isemayo kwamba mtu ni watu. Hata katika maneno ya kila siku tunaposema "fulani ana watu", tuna maana kwamba anao jamaa wa kumsimamia. Na tukisema "hana mtu", tumetaja umaskini ulio mkubwa kuliko kukosa fedha. Neno hilo la mwisho, msomaji, ulishike, maana tutalirudia.

BINADAMU

"Binadamu" lilikuja na merikebu za pepo za kaskazi, pamoja na dini na biashara. Katika Kiarabu "bin" ni mwana wa fulani, kama tuonavyo katika majina ya watu wa pwani mpaka leo; binadamu basi ni mwana wa Adamu. Ijapokuwa "bin" kwa asili ni mwana wa kiume, neno lilipotua kwetu liliwakusanya wanaume na wanawake bila ya ubaguzi, na wingi wake haubadiliki: binadamu huyu, binadamu hawa. Waswahili hawakutosheka na kukopa tu. Walichukua "mwana", ambalo ni neno lao, wakaliunga na jina la Adamu, wakapata "mwanadamu" na "wanadamu". Neno hilo ni kama nyumba ya Mji wa Kale, ambayo mawe yake ni ya hapa na nakshi ya mlango ni ya ng'ambo, na mwenye kupita huiona ni nyumba moja.

Na Adamu mwenyewe jina lake lina maana gani? Katika Kiebrania "adama" ni ardhi, udongo. Na wataalamu wa Kiarabu nao hulinasibisha jina hilo na "adim", yaani uso wa ardhi. Warumi wa kale, ambao walikuwa mbali na watu hawa, walimwita mtu "homo", neno lililo na ujamaa na "humus", ambalo ni udongo katika lugha yao. Mkulima ashikaye jembe huko Mtongwe au Jomvu hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Udongo aulimao ndio jina la babu yake, na ndimo atakamorudi.

Washairi wetu wana neno jingine tena, "insani", nalo ni la Kiarabu. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya asili yake. Wako wasemao kwamba latokana na kuzoeana na kupata wenzi, kwa kuwa mtu hawezi kukaa peke yake. Wengine wasema latokana na kusahau. Labda wasomaji wataona kwamba maana zote mbili zamfaa.

MJA

Sasa twaja kwa neno ambalo, kwa maoni yangu, lina mafunzo mengi kuliko yote. "Mja", na wengi wao "waja", latokana na kitenzi "kuja". Mja ni mwenye kuja. Zamani aliyeletwa kwa chombo kutoka nchi nyingine aliitwa "mja na maji", na kwa kuwa wengi walioletwa hivyo waliletwa kuuzwa, "mja" likawa na maana ya mtumwa. Humo ndimo lilimotoka "mjakazi". Wengi hudhani kwamba "-kazi" hapo ni kazi ya jembe na mtungi, sivyo. Hilo ni shina la kale lenye maana ya mwanamke. Waganda wangali nalo katika "omukazi", nasi tunalo katika "mkazamwana", yaani mke wa mwana. Mjakazi basi ni mja wa kike.

Kwa nini mwenye kuja akawa mtumwa? Kwa sababu alikuja bila ya jamaa. Mwungwana alikuwa na ukoo na mtaa wa kumdai akipotea. Mja "hana mtu". Aliyekosa watu alionekana kama amekosa utu, na aliyeonekana hana utu alitiwa bei kama kitu. Neno "mtumwa" nalo laonyesha jambo hilo. Ni mtu atumwaye na mwenziwe asiweze kukataa. Na ni ajabu kwamba "mtume", jina tukufu, latokana na kitenzi hicho hicho cha "kutuma". Tofauti ya wawili hao ni katika aliyewatuma.

Lakini neno "mja" halikubaki sokoni. Katika dini kila mtu, awe sultani au mchukuzi, ni mja wa Mungu. Washairi wa Mvita na Lamu walilitwaa neno hilo wakalitumia kwa watu wote, hata leo tukisikia "waja" twaelewa kwamba ni walimwengu wote pia. Neno la dharau limekuwa jina la kila mmoja. Aliyemwita mwenziwe mja kwa kumdunisha, naye yumo.

KENGELE YA KISAUNI

Habari hizi si za vitabuni tu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Miaka miwili baadaye, mwaka 1875, wamisionari wa C.M.S. walianzisha kijiji Kisauni kwa ajili ya watumwa waliookolewa katika majahazi, wakakiita Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyetumwa kuja kufanya mapatano ya mkataba huo. Mnara wa kengele ya kijiji hicho ungali umesimama, nao ndio uliopatia mahali pale jina la Kengeleni.

Miongoni mwa walioteremshwa hapo walikuwamo Wayao, Wamakua na watu wa Ziwa Nyasa. Walikuwa wameng'olewa kwao, wakatembezwa kwa minyororo, wakapakiwa kama mizigo. Hebu tufikiri jinsi walivyoisikia lugha ya Mombasa. Myao kwao humwita mtu "mundu". Mtu wa Nyasa husema "munthu" na "anthu". Mmakua neno lake ni "muthu". Walipowasikia wenyeji wa Kisauni wakisema "mtu" na "watu", walikuwa wamelikuta neno la mama zao likiwangoja ng'ambo ya pili. Waliowauza waliwahesabu kwa vichwa, lakini lugha ya nchi ilikuwa na neno lao tayari.

Jirani na hapo, huko Rabai, watoro wengi waliokimbia mabwana zao walipata kimbilio. Mabwana walipodai mali yao, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alilipa fidia, na siku ya mwaka mpya wa 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Ilikuwa siku ya furaha kubwa. Hata hivyo tukumbuke kwamba aliyelipwa fedha alikuwa bwana, wala si yule aliyelimishwa bure. Sheria ya kufuta kabisa hali ya utumwa katika pwani ya Kenya haikuja mpaka mwaka 1907. Baadaye mwana wa kijiji cha Frere Town, James Juma Mbotela, aliandika historia ya watu hao katika kitabu "Uhuru wa Watumwa", kilichotoka mwaka 1934, na wasomaji wengi wa Kiswahili walikisoma shuleni.

LIKONI, MAHALI PA KUFIKIA

Jina la Likoni latokana na "liko", yaani mahali pa kushukia chomboni. Ni mahali pa waja tangu jina lake. Na tukitazama vema, ni nani katika bara ya Mombasa asiyekuja? Wazee wa Mijikenda husimulia kwamba watu wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini. Wachangamwe, ambao jina lao limebaki katika Changamwe, waliingia kisiwani wakawa mmoja wa Mataifa Matatu ya Waswahili, pamoja na Wakilindini na Watangana. Mmisionari Krapf alifika mwaka 1844, na mwaka huo huo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa katika bara ya upande wa Kisauni. Kamusi yake ya Kiswahili cha Mombasa, iliyotoka mwaka 1882, aliitunga kwa kuwasikiliza watu wa hapa. Kisha wakaja watu wa reli na bandari.

Hata neno "bara" lina mzaha wake. Kwa mtu wa kisiwani, Likoni na Kisauni ndiyo bara. Avukaye maji amekwenda bara. Lakini usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, kundi lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari, likachoma nyumba na vibanda, na wale waliosakwa waliitwa "watu wa bara". Karatasi zilienezwa za kuwataka warudi kwao. Katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na maelfu walikimbilia katika kanisa la Katoliki la Likoni. Polisi walipoanza msako, vijana wengi wa Kidigo nao walikamatwa na kupigwa, wakiwamo wasiokuwa na hatia, kwa sababu ya kabila lao. Mwaka 1998 serikali iliunda tume chini ya Jaji Akiwumi kuchunguza fujo za namna hiyo katika nchi.

Malalamiko ya wenyeji juu ya ardhi hayakuwa ya uongo. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, Wamijikenda wengi waligeuzwa maskwota katika mashamba waliyozikia babu zao. Wao wenyewe waliitwa "Wanyika", jina walilopewa na wengine, mpaka katika miaka ya 1940 walipojichagulia jina la Mijikenda, yaani miji tisa. Aliyewahi kuitwa kwa jina asilolipenda anajua uchungu wake. Dai la shamba laweza kuwa la haki, na mahali pake ni mahakamani na barazani. Lakini dai likishamtoa mwenziwe katika idadi ya watu, limekwisha kuwa jambo jingine, kwa kuwa kijana aliyechomewa kibanda chake cha kuuza nyanya hakuandika sheria ya 1908.

Neno "mwenyeji" lenyewe ni "mwenye mji", na wahenga walimwekea mwenye mji kazi yake waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni naye ana wajibu. Ajifunze lugha na desturi za mji, aheshimu makaburi na kaya, asidhani kwamba aliyenyamaza hana haki. Wote wawili wakishika sehemu yao, kila mmoja huwa mtu wa mwenziwe.

Desturi ya pwani, watu wakikutana mara ya kwanza, ni kuulizana: "Wewe ni mtu wa wapi?" Wengi hudhani kwamba uzito wa swali hilo umo katika neno la mwisho. Lakini wazee walilipanga vingine. Kabla ya kuuliza mahali, muulizaji amekwisha kukiri kwamba aliye mbele yake ni mtu. Jibu laweza kuwa Kwale, Siaya, Machakos au Pemba. Halina uwezo wa kuliondoa neno lililotangulia. Basi tuwafundishe watoto wetu kuliuliza swali hilo kwa mpango wake, wasiruke lile la kwanza.